Vijiti Vikavu vya Malka Garas

Timiro alimwona Warfa akinyoosha fimbo. Hakusimuliwa na mtu. Aliona kwa macho yake mwenyewe, amechutama nyuma ya kichaka cha mswaki na debe lake la maji, kiangazi kile cha mwaka wa sitini na tano, askari walipoteremka mtoni na Warfa, yule mfanyabiashara, akiwa katikati yao, kofia yake nyeupe safi kichwani. Wanaume wengi walikuwa wakinywesha ng'ombe asubuhi hiyo. Fimbo ya Warfa ikapita juu ya vichwa vyao, ikasimama kwa mmoja. Huyo mmoja alikuwa Sugow, mume wa Timiro, aliyekuwa ndani ya maji mpaka magotini akimsukuma ndama aliyekwama kwenye tope.

Hawakumuuliza kitu. Walimpiga risasi pale pale, kisha wakawageukia ng'ombe. Walipoondoka, mizoga ilikuwa imeziba maji, na watu waliokuwa wamelala kifudifudi kwenye mchanga waliinuka mmoja mmoja wakijipapasa miili kama wasioamini kuwa bado ni yao. Timiro alitoka kichakani akaingia mtoni, akamvuta mumewe kwa kwapa mpaka nchi kavu. Hakulia. Alikuwa akiitazama ile kofia nyeupe ikipanda kilima pamoja na askari, na moyoni mwake likaingia jambo ambalo halikutoka tena.

Mahali hapo paliitwa Malka Garas, mwendo kidogo kutoka Garissa mjini kuelekea Masalani. Malka ni pale ambapo ukingo wa mto umelala, mifugo ikaweza kushuka kunywa na kupanda tena bila kuvunjika miguu. Mbele ya malka hiyo Mto Tana ulifanya kizingo kikubwa. Ulikuja ukajipinda kuelekea mashariki, ukaigusa malka, kisha ukarudi magharibi na kuendelea na safari yake ya baharini. Kwa hiyo ng'ambo ya malka palikuwa na ulimi wa ardhi, umezungukwa na maji pande tatu, umeshikwa na nchi ya magharibi kwa shingo nyembamba tu. Ulimi huo ulikuwa na msitu wa mikuyu. Maji yakipungua wakati wa kiangazi, wafugaji waliwavusha ng'ombe wao wakapumzika kivulini humo, na nyasi za humo ndizo zilizookoa mifugo miaka ambayo mvua ilikataa.

Warfa aliutaka msitu huo. Serikali ilikuwa ikipigana na shifta, wale waliotaka nchi ya kaskazini ijitenge na Kenya, na vita vilihitaji nguzo za maboma, kuni za kambi na makaa ya jikoni. Warfa alipata kibali cha kukata. Wakataji wake walipofika na mashoka, Sugow alikwenda akasimama mbele ya mkuyu mkubwa kuliko yote, mikono nyuma, wala hakutukana mtu.

"Ukikata mikuyu hii, ng'ombe wa nani watakuja hapa?" alimuuliza Warfa.

"Nina karatasi ya serikali," Warfa akajibu.

"Mimi nina ng'ombe."

Wakataji walirudi nyumbani siku hiyo. Warfa alimtazama Sugow muda mrefu, akacheka kidogo, akaondoka. Kabla ya mwezi huo kwisha ndipo akaja na askari, akasema kwamba Sugow anawalisha shifta. Sugow hakuwahi kumlisha mtu yeyote zaidi ya mgeni wa kawaida anayepita na kuomba maziwa. Lakini wakati ule nani angekwenda kulisema hilo, na kwa nani?

Timiro aliwaendea wazee wa ukoo. Walimsikiliza, wakampa chai. Mwisho mmoja wao alisema kwa upole kwamba huu si wakati wa kumshtaki mtu anayekaa meza moja na maofisa. "Utaitwa mke wa shifta," alisema. "Na sisi tutaitwa mashifta." Timiro akamaliza chai yake, akawaaga kwa heshima. Tangu siku hiyo hakulipeleka tena shauri lake kwa binadamu.

Nyumbani kulikuwa na Arbia, mama yake Sugow, mwanamke mzee aliyepoteza macho yake yote mawili kwa ugonjwa. Yeye hakuhitaji kuficha chochote. Kila jioni Timiro akiingia kwenye herio yao, kibanda cha fito na mikeka, sauti ilitoka gizani kwenye kona, ikimuulizia Warfa bila kumtaja jina:

"Bado anakula?"

"Bado anakula, hooyo," Timiro alijibu, akimwita mama kwa Kisomali.

"Na analala?"

"Analala."

"Haya," Arbia akasema, na kuugeukia ukuta.

Mwaka uliofuata amri ikatoka kwamba wafugaji wote waingie katika vijiji vilivyozungushiwa uzio wa miiba, wahesabiwe, wasitoke bila ruhusa. Atakayeonekana nje na mifugo yake angehesabiwa kuwa shifta. Wenyewe waliita vijiji hivyo daba, yaani mahali pa kuzuiwa. Kimoja kilijengwa juu kidogo ya Malka Garas, na Timiro akaingizwa humo pamoja na Arbia na wale mbuzi wachache waliobaki. Miiba ya uzio ilikatwa kando ya mto. Kuni zilikatwa kando ya mto. Na ng'ambo, kwenye ule ulimi, mikuyu yote ilikwisha anguka. Mahali pake Warfa alilima migomba na mahindi, akaweka injini ya kuvuta maji, akajenga nyumba ya bati pale pale shingoni. Chakula chake kilikwenda kambi ya jeshi. Kila asubuhi Timiro alishuka malka na debe lake akaisikia injini ile ikikohoa ng'ambo, juu ya mahali mume wake alipokuwa akipumzika na ng'ombe wake.

Mvua za mwaka huo hazikuwa kubwa, lakini zilitosha kuonyesha kilichoharibika. Ukingo usio na miti ulianza kumeguka. Vipande vikubwa vya udongo vilitumbukia mtoni kwa kishindo, maji yakawa mazito kama uji, na ngazi ya udongo wanawake waliyoshukia malka ikaporomoka na mwanamke mmoja mjamzito juu yake. Aliokolewa. Mtoto hakuokoka.

Hapo ndipo vituo vitatu vya mafunzo vya sehemu hiyo vilipoamua kushikana mikono. Kimoja kilikuwa duksi ya Maalim Awil ndani ya daba, ambako watoto walisoma Kurani kwenye mbao. Cha pili kilikuwa darasa la wanawake la Hinda, mke wa karani wa Garissa, aliyekuwa akija kufundisha ushonaji, usafi na kusoma. Cha tatu kilikuwa kituo cha mafunzo ya wakulima ng'ambo ya magharibi, chini kidogo ya kizingo, kilichosimamiwa na Mpokomo mmoja mrefu aitwaye Komora. Waliomba ruhusa kwa ofisa wa daba, wakaipata baada ya kungoja sana. Walikubaliana kila kituo kifundishe watu wake jinsi ya kuulinda mto, na kila kituo kichukue kipande cha ukingo kukipanda na kukitunza.

Mkutano wa kwanza ulifanyika malka, baada ya sala ya Ijumaa. Maalim Awil alisema machache. Alisema mto hautazami kabila wala upande wa vita, na kwamba mtu anayeharibu maji ya watu atayakuta mbele ya Mungu. Watu walitikisa vichwa. Timiro alitazama ng'ambo.

Kisha Komora akapiga magoti kwenye mchanga. Alifinyanga vilima viwili vya tope. Kimoja alikiacha kitupu, cha pili akakichomeka nyasi zenye mizizi yake, akazishindilia vizuri. Akachukua kopo la maji akamimina taratibu ubavuni mwa vyote viwili. Kilima chenye nyasi kilichujuka kidogo, kikabaki. Kile kitupu kikaliwa kwa chini kwanza, kikawa kama mtu aliyekatwa miguu, halafu chote kikalala majini.

"Mto hauli ukingo kwa juu," Komora alisema. "Unakula miguu. Mizizi ndiyo miguu."

Alisimama akaonyesha ng'ambo, upande wa juu wa shingo, pale maji yalipokuwa yakigonga kabla ya kujipinda. "Pale ndipo panaponitia hofu. Maji yote ya mto yanapiga pale, na hakuna hata mti mmoja. Mafuriko makubwa yakija, mto utakata shingo ile na kupita moja kwa moja."

Alisema na mengine baada ya hapo, kuhusu njia ya mto na maji yatakayobaki huku. Timiro hakuyasikia. Alikuwa akikitazama kile kilima kilicholala majini, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya fimbo alihisi kitu kinachofanana na njaa ya mtu mwenye afya.

Aliinua mkono. "Bwana Komora," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "hii shingo, wanawake iko tayari kubanda."

Hinda alifurahi. Wanawake walikuwa wengi kuliko kundi lolote, na shingo ilikuwa kazi kubwa. Ikakubaliwa kwamba duksi ipande kwenye ngazi ya malka, kituo cha Komora kipande kingo za chini, na darasa la wanawake livuke kwa mtumbwi, chini ya ulinzi wa askari mmoja, likapande shingoni. Timiro akawekwa kuwa msimamizi wao.

Jioni hiyo Arbia alipouliza kama bado anakula, Timiro alikaa karibu naye, akamshika mkono.

"Anakula, hooyo. Lakini nimeona mahali."

Kizee hakuuliza mahali gani. Alikandamiza vidole vya mkwewe kwa nguvu ambayo Timiro hakujua kwamba bado anayo.

Mkuyu hauhitaji mbegu. Ukikata tawi la unene wa kifundo cha mkono, ukalichomeka kwenye udongo wenye unyevu likiwa bichi, litachipua. Komora aliwafundisha hivyo, na mitumbwi ya kituo chake ilileta matawi kutoka misitu ya chini ambayo haijaguswa. Matawi ya wanawake yalikabidhiwa kwa Timiro ayatunze mpaka siku ya kupanda. Komora alimwambia ayafunike kwa magunia yaliyoloweshwa, ayaweke kivulini. Timiro aliitikia. Alipofika nyumbani aliyapanga juu ya paa la herio yake, kwenye jua la Garissa ambalo halina huruma na kitu chochote chenye maji ndani yake. Aliyageuza kama mtu anayekausha nyama. Yalipokauka vya kutosha aliyarudisha chini ya magunia, akayalowesha nje ili gome lionekane jeusi na bichi.

Siku ya kupanda wanawake walivuka wakiimba. Walichimba mashimo marefu kwa mitarimbo, migongo imeinama, watoto wamefungwa juu yake. Walishindilia udongo kwa visigino. Timiro alipita katikati yao akisahihisha mstari, akimwambia huyu achimbe zaidi, yule asogeze. Alifanya kazi kuliko wote. Mikono yake ilitoka malengelenge, nayo hayakumuuma hata kidogo.

Warfa alitoka nyumbani kwake na birika la chai. Alikuwa amenenepa.

"Timiro, walaal," alisema, akimwita ndugu. "Mungu akulipe. Nilidhani wewe ungekuwa wa mwisho kuja hapa."

"Mto ni wa wote," Timiro alisema.

"Ndiyo. Ndiyo." Aliangalia mashimo, akaangalia maji. "Mnipandie kwa wingi upande huu. Usiku nasikia udongo ukianguka, silali." Akashusha sauti. "Yale ya marehemu yalikuwa ya vita. Vita huingia kila nyumba."

"Havikuingia yako," Timiro akasema, kwa sauti ile ile anayoitumia kuomba chumvi. Akapokea kikombe cha chai kutoka mkononi mwake, akanywa mpaka mwisho, akakirudisha. Alitaka akumbuke ladha yake.

Wiki zilipita. Malka ilichipua. Watoto wa duksi walikuwa wakimwagilia maji kila baada ya darasa, na Maalim Awil mwenyewe alionekana amekunja kanzu akifukuza mbuzi. Kingo za chini zilichipua. Shingo haikuchipua. Wanawake walisikitika, wakasema udongo wa pale umelaaniwa kwa damu. Timiro alisema huenda ni mchwa.

Komora alivuka kuja kuona. Alitembea kwenye mstari peke yake na Timiro, akachutama kwenye kijiti kimoja, akakwangua gome kwa ukucha. Ndani palikuwa pa kahawia, pamekauka kama kuni. Akakwangua kingine. Akakwangua cha tatu. Hakuinuka mara moja.

"Hivi vilikufa kabla ya kuingia ardhini, Mama," alisema.

Timiro alivuta mtandio wake, akatazama maji.

"Mimi si Msomali, na mambo ya humu ndani siyajui yote," Komora aliendelea. "Lakini nimesikia. Nitaleta matawi mengine kabla ya mvua. Hayo yapandwe. Si kwa ajili ya mwenye nyumba hii. Nilisema siku ile mbele ya watu, mto ukipita hapa—"

"Lete," Timiro alimkata. "Tutabanda."

Komora alileta kama alivyoahidi, mtumbwi mzima. Na Timiro akayapanda yote, mabichi, vizuri kabisa, pamoja na wanawake wawili aliowaambia kwamba mpango umebadilika. Ila aliyapanda kwenye malka, nyuma ya safu ya watoto. Aliona kwamba amefanya jambo la haki: kilichokuwa cha Warfa amewapa watu. Alipomwambia Arbia, kizee alicheka, na kicheko hicho kilikuwa hakijasikika ndani ya herio ile tangu Sugow azikwe.

Mafuriko yalikuja mwaka wa sitini na saba, siku ya jua kali. Malka Garas haikuwa na hata wingu. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, kwenye milima ya Wameru na Wakikuyu, siku nyingi mfululizo, na sasa mto ulikuwa umeileta. Kulipopambazuka maji yalikuwa yamefika kwenye ngazi. Kufikia saa nne asubuhi yalikuwa yakibeba miti mizima, mizoga ya swala na mapaa ya watu wasiojulikana. Daba nzima ilisimama kwenye uzio kutazama, na hata askari waliweka bunduki begani wakatazama.

Shingo ilikatika mchana. Kwanza upande wa juu ukaanguka kwa vipande, na vile vijiti vikavu vikang'oka kimoja kimoja vikaenda vimelala juu ya maji. Halafu mfereji mdogo ukapita katikati, upana wa mtu kuruka. Warfa na vibarua wake walionekana wakikimbia na magunia ya mchanga. Mfereji ukawa upana wa barabara. Injini ikatumbukia ikitoa moshi. Kisha nyumba ya bati ikainama mbele kama mtu anayetaka kusujudu, ikajivunja, na mabati yakaenda yakimeremeta juani mpaka hayakuonekana. Warfa na watu wake walikuwa wamekimbilia nchi ya magharibi. Alikaa chini kwenye tope, mikono kichwani, kofia hana.

Timiro alisimama kwenye uzio mpaka mgomba wa mwisho ulipokwenda. Watu pembeni yake walisema masikini, hata kama ni Warfa. Yeye alikuwa akihema kama aliyekimbia mbio ndefu. Alirudi kwenye herio akakaa karibu na Arbia, akamsimulia tangu mwanzo hadi mwisho. Kizee alitaka kusikia tena habari ya nyumba. Timiro akarudia. Akataka kusikia habari ya mikono kichwani. Timiro akarudia.

"Bado yu hai?" Arbia aliuliza.

"Yu hai. Lakini hana pa kukaa."

"Basi na aishi," Arbia alisema. "Aishi sana."

Maji yalipopungua, watu wa daba walishuka malka. Miti yao ilikuwa imesimama yote. Ngazi haikuguswa. Watoto wa duksi walishangilia. Ilichukua siku kadhaa kabla ya watu kutambua kwamba maji yaliyokuwa mbele yao hayaendi. Mto ulikuwa umepita shingoni, umechukua njia mpya ya mkato huko magharibi, na kizingo chote kikaachwa kama kamba iliyotupwa. Kilichobaki malka kilikuwa bwawa refu la maji yaliyotuama. Likaanza kuwa kijani, kisha likaanza kunuka.

Mto wenyewe haukuwa mbali kwa mtu huru. Lakini mpaka wa daba uliishia malka, na ng'ambo hakuruhusiwa mtu. Hinda na Maalim Awil walikwenda kwa ofisa kuomba njia ya kwenda mto mpya. Ofisa alisema lazima aulize Garissa, Garissa ikasema lazima iulize kwingine. Wakati wakingoja, watu walikunywa bwawa. Watoto wakaanza kuharisha, kisha wazee. Arbia alishikwa miongoni mwa wa kwanza. Timiro alimchemshia maji kwa kuni zilizokuwa haba, akachelewa. Kizee alikauka haraka, akapungua mpaka akawa mwepesi kuliko mkeka aliolalia.

"Maji haya yana ladha gani?" alimuuliza Timiro siku moja, akitema.

"Mto umehama, hooyo. Ulipita kwenye shingo."

Arbia hakuwa mjinga. Alielewa vizuri kuliko wote waliokuwa na macho. Akampapasa Timiro usoni, akafuta alichokikuta huko, wala hakusema neno la lawama wala la kumsamehe. Alifariki kabla ya ruhusa kutoka. Wiki ile walizikwa yeye na watoto wawili.

Hinda alikuja baada ya matanga. Aliketi mlangoni, hakuingia.

"Niliongea na Komora," alisema. "Abaayo, dada yangu, nataka nisikie kwako."

Timiro angeweza kusema mchwa. "Niliyakausha juu ya paa hili," alisema. "Na yale ya pili nikayapanda malka."

"Tulichimba kwa migongo yetu. Hawo mwenzetu alichimba akiwa na homa."

"Najua."

"Tungekuwa na mto leo."

"Najua, Hinda. Nimemzika mama yangu."

"Kwa nini hukuniambia? Sisi wote tunajua alichokifanya Warfa."

"Mlijua," Timiro alisema. "Mlijua, na mkanywa chai yake siku ya kupanda. Hata mimi nilikunywa."

Hinda aliinuka akajikung'uta vumbi. Siku iliyofuata darasa la wanawake lilimchagua msimamizi mwingine, na kwa muda mrefu, Timiro alipofika mahali wanawake wamekaa, mazungumzo yaligeuka kuwa ya mbuzi. Hakuwalaumu. Alichota maji yake peke yake, ruhusa ilipopatikana, akivuka tope la ulimi ule uliokuwa wa mikuyu, kisha wa migomba, na sasa si wa yeyote.

Huko ndiko alikokutana na Warfa. Ofisa hakuwa na haja naye tena, kwa kuwa mtu asiye na chakula cha kuuza ni mtu wa kawaida, na Warfa alikuwa ameingizwa daba kama wengine. Alikuwa amebeba debe, jambo ambalo mwanamume wa hadhi yake hakuwahi kulifanya. Walisimama wakitazamana kando ya mto mpya, askari yuko mbali akivuta sigara.

"Vijiti vilikuwa vikavu," Timiro alisema. "Mimi ndiye niliyevikausha. Nataka ujue ni nani."

Warfa aliweka debe chini. Alionekana amechoka kuliko kukasirika.

"Walinishika mimi kwanza," alisema. "Walisema mashifta wanakula kwangu. Wakataka jina. Nikawapa la kwanza lililonijia."

"Kwa nini lilikujia lake?"

Warfa alitafuta jibu, na Timiro akamngojea alitafute, akamngojea kwa raha mbaya ambayo hakuificha.

"Kwa sababu ya mti," Warfa alisema mwishowe.

Timiro aliteka maji akajitwika. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa amefikiria angefanya nini mtu huyu akikiri: angemtemea mate, angempiga jiwe, angewaita watu. Sasa lilipofika aliona tu kwamba hataki kusimama karibu naye. Alimchukia vile vile kama jana. Chuki ilikuwa nzima, haikupungua hata tone, ila haikuwa tena na kazi ya kufanya.

Mwisho wa mwaka huo viongozi walipatana huko mbali, na polepole vita vikazimika. Uzio wa miiba uliliwa na mchwa, halafu ukachomwa kuni. Wengi walirudi nyikani na mifugo michache waliyobakiwa nayo. Warfa alipanda lori la kwenda Mandera, akasemekana anauza nguo mpakani. Vile vituo vitatu viliendelea. Vilikutana tena, safari hii kando ya mto mpya, na Komora akagawa tena vipande. Hakuna aliyemwita Timiro, lakini alikwenda, akakaa nyuma. Kazi ilipogawanywa na kipande kibaya zaidi kikakosa mtu, kile cha udongo mwekundu unaoteleza, alisema atakichukua peke yake. Hinda alimtazama kwa muda. "Kichukue," alisema. "Lakini matawi utapokea asubuhi ya kupanda, si kabla." Timiro alikubali bila kuinua macho.

Alikipanda, kikafa nusu kwa jua, akakipanda tena. Alijenga kibanda karibu, akafuga mbuzi, na miaka ilivyokwenda wasichana wa darasa la Hinda wakawa wanaletwa kwake kuona mizizi inavyoshika udongo. Aliwaeleza vizuri, kwa maneno machache. Wakimuuliza habari ya bwawa lile kavu upande wa pili, aliwaeleza hiyo pia, na hakubadilisha jina la mtu yeyote ndani yake, kuanzia lake.

Habari za kifo cha Warfa zililetwa na mfanyabiashara wa ngamia kutoka Mandera. Alikufa kwa homa, alisema, akazikwa kando ya Mto Daua. Watu wachache waliokuwepo walikusanyika chini ya kivuli, na Maalim Awil, ambaye sasa ndevu zake zilikuwa nyeupe kabisa, akainua mikono kumwombea. Walipofika mwisho wote waliitikia amina. Maalim alifungua jicho moja akamtazama Timiro, ambaye midomo yake haikucheza.

"Timiro binti Jelle," alisema taratibu. "Ni maiti sasa."

"Nimesikia, maalim," Timiro alijibu. "Ombeni nyinyi. Mimi sitawazuia."

Akachukua debe lake, akashuka mtoni, kwa kuwa miche ya juma lile ilikuwa bado haijapata maji.